UZI: Rivolva ya Webley ya mirathi, Tabora. Umri wake halisi na bei ya haki ni ipi?

#1 Msimamizi_Isevya
Wakuu, salaam. Nasimamia mirathi ya mzee wetu hapa Tabora mjini. Mojawapo ya mali ni rivolva aliyoimiliki kwa leseni. Tangu msiba iko ghala la silaha polisi na karatasi zake zipo zote. Mnunuzi mwenye kibali ametaja shilingi 1,800,000. Upande mwingine wa familia unasema hiki ni kitu cha kale, tusishuke chini ya 6,000,000.

Nimeruhusiwa kuitazama mbele ya mtunza ghala. Upande wa kushoto wa fremu pameandikwa WEBLEY, chini yake MARK VI, kisha PATENTS, kisha 1917. Mtutu ni kama inchi 6. Vibao vya kishikio ni vyeusi, vigumu, vina mistari ya msalaba. Namba ya silinda si sawa na ya fremu. Kuna alama ya mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha. Naomba wajuzi: ni ya 1917 kweli? Na bei ya haki ni ipi?

#2 Kazeh_Asilia
Hiyo ni ya vita vya Tabora, mkuu. Wabelgiji, wakiwafukuza Wajerumani, waliingia mji huu tarehe 19 Septemba 1916 baada ya mapigano makali kule nje ya mji. Silaha za maofisa zilibaki mikononi mwa watu. Hapo mna historia ya mkoa mzima, msiuze chini ya milioni 10.

#3 FundiMtutu
Kazeh, soma #1 tena. Fremu imepigwa 1917, Tabora ilianguka 1916. Bastola haiwezi kufika vitani kabla ya kutengenezwa.

Mleta mada, kwa Mark VI tarehe ya kwenye fremu huaminika, kwa sababu ilipigwa kiwandani Birmingham ikiwa mpya. Toleo hili lilipokelewa jeshini Mei 1915 na Webley & Scott wakalitengeneza kwa wingi vita ikiendelea. Baadaye kiwanda cha serikali cha Enfield nacho kilitengeneza Mark VI, kuanzia 1921 hadi 1926, lakini hizo zina neno ENFIELD, taji na mwaka upande wa kulia. Yako si hiyo.

Hakikisha kwanza kuwa ni Mark VI kweli, si fremu ya VI yenye vipande vya ndugu zake. Mark I hadi V zina kishikio kilichopinda kama kichwa cha ndege, na nyingi mtutu wake ni inchi 4. Mark VI ina kishikio cha mraba chini, mtutu wa inchi 6 (milimita 152), na kilengeo cha mbele kinachotoka kwa kufungua skrubu. Uzito wake bila risasi ni kilo 1.1 hivi.

#4 MwishoWaReli
Nachungulia kutoka Kigoma. Kazeh, Wabelgiji hawakubeba Webley. Jeshi lao lilipokea Browning ya FN mwaka 1900, bastola ya magazini, na hiyo ndiyo iliyokuwa viunoni mwa maofisa wao wengi. Ukitaka masalia ya Mbelgiji tafuta muhuri wa Liège: herufi ELG ndani ya umbo la yai, na kuanzia 1893 lina taji juu yake.

#5 Kazeh_Asilia
Nimekubali kuhusu tarehe. Lakini Wabelgiji hawakuondoka siku ile ile. Tabora waliikabidhi kwa Waingereza mwaka 1917 na kwenu Kigoma walikaa hadi 1921. Na kikosi cha Waingereza cha Jenerali Crewe, kilichotokea upande wa Ziwa Victoria, kilifika Tabora siku chache tu baada yao. Kwa hiyo Webley ya 1917 kuja na ofisa Mwingereza aliyekabidhiwa mji inawezekana kabisa.

#6 MwishoWaReli
Inawezekana. Ila "inawezekana" haiongezi hata shilingi kwenye bei. Kinachoongeza ni muhuri au karatasi.

#7 Bi_Mizani
Poleni na msiba, mwanangu. Kabla ya bei, sheria. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ni ya mtu na wala hairithiwi kama shamba. Kuipeleka polisi mmefanya vema. Sasa ama mrithi mmoja aombe leseni kwa jina lake, ama silaha iuzwe kwa mwenye kibali, na vyote viwili vipitie polisi. Maombi huanzia serikali ya mtaa, yakapanda kata, wilaya hadi mkoa, na yanaweza kuchukua muda mrefu. Huyo mnunuzi wa 1,800,000 akuoneshe kibali chenyewe, asikupe maneno. Na pesa isipokewe kabla polisi hawajaridhia uhamisho.

#8 Msimamizi_Isevya
Ahsante mama, kibali chake nimekiona na polisi wamekithibitisha. Mkuu FundiMtutu, kishikio ni cha mraba na kilengeo kina skrubu. Sasa ile mishale miwili?

#9 FundiMtutu
Mshale mmoja mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Miwili ikigusana ncha kwa ncha maana yake silaha imeondolewa rasmi jeshini na kuuzwa. Hiyo ni habari njema, maana haikuporwa wala kupotea ghalani.

Sasa tafuta jambo linalofuata, nalo ndilo litakalopanga historia yake. Silaha ya jeshi ikiuzwa kwa raia kupitia biashara ya Uingereza, sheria yao inataka ipimwe kwanza kwenye nyumba ya majaribio, London au Birmingham, kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ikifaulu inapigwa mihuri kwenye mtutu na kwenye kila chumba cha silinda. Birmingham, kati ya 1904 na 1954, walipiga taji juu ya BV, BP na NP. Kuanzia 1954 muhuri wao wa baruti isiyo na moshi ukawa taji juu ya BNP, pamoja na ukubwa wa risasi, urefu wa ganda na neno TONS la kuonesha shinikizo.

Kama haina muhuri wowote wa biashara, ilifika Tanganyika kiunoni mwa ofisa au ghalani mwa serikali na kuuzwa huku huku. Kama inao, ilipita dukani Uingereza, na muhuri utakuambia kipindi.

#10 Spana_10
Wakati mnatafuta mihuri, mimi naangalia kama inafanya kazi, maana mnunuzi hapa hanunui makumbusho. Omba mtunza ghala mwenyewe aifungue: kidole gumba kinasukuma kiwiko cha kushoto, mtutu unainama mbele na nyota ya kutolea maganda inapanda. Vyumba vyote sita vionekane vitupu. Kisha:

Fungo la juu, lile la umbo la kikuku. Funga bastola, shika mtutu kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine, tikisa juu chini. Ikicheza, ama kikuku kimelika ama pini ya bawaba. Hili ndilo gonjwa kuu la Webley iliyofanya kazi sana, na dawa yake si nyundo ya fundi baiskeli.

Mwanya wa mbele ya silinda. Tumia fila geji, ile ile ya kupimia vali za gari. Pima mara mbili: silinda ikisukumwa mbele, kisha ikisukumwa nyuma. Mwanya wa milimita 0.15 hadi 0.25 ni mzuri. Ukifika 0.40, chakavu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo wa silinda, na ukiwa mkubwa nyundo inagonga kwa nguvu pungufu na risasi nyingine hazilipuki.

Mpangilio. Koki nyundo (ivute nyuma) polepole kwa kidole gumba, chumba kwa chumba, vyote sita. Silinda iwe imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa hata kwenye chumba kimoja, ulimi unaozungusha silinda umelika, na risasi itakwangua ukingo wa mtutu. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, hiyo ni hatari, haina bei ya bastola.

Ndani ya mtutu. Karatasi nyeupe nyuma, tochi mbele. Mifereji saba ionekane kingo zake. Vishimo vya kutu huanzia karibu na silinda.

#11 DaktariWaChuma
Spana amesema vema, naongeza sababu ya vishimo. Risasi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki yenye chumvi. Chumvi ile inabaki mtutuni na kunyonya unyevu wa masika, na mafuta peke yake hayaiondoi. Ni maji ya moto kwanza, kukausha, halafu mafuta. Bastola iliyopakwa mafuta miaka yote bila maji inaweza kung'aa nje na kuliwa ndani. Kwa hiyo msipandishe bei kwa sababu ya mng'aro wa nje.

Mng'aro wenyewe nao uchunguzwe. Rangi ya buluu iliyopakwa upya inajulikana: herufi za WEBLEY zimefifia kingo, matundu ya skrubu yamebonyea kama kisahani kwa kupigwa msasa, pembe za fremu zimekuwa duara. Rangi ya asili iliyochakaa ina thamani kuliko rangi mpya nzuri. Mimi napunguza thuluthi nzima kwa iliyopakwa upya.

#12 Spana_10
Thuluthi ni nyingi, daktari. Huku mnunuzi anaona rangi nzuri anafurahi.

#13 DaktariWaChuma
Anafurahi kwa sababu hajui. Bei ya haki ni ile ambayo mtu hataijutia akishajua.

#14 Mla_Migebuka
Mimi niko Ujiji. Naomba kuuliza pembeni: kuna ya jamaa yenye leseni, namba yake inaanza na herufi V, chini ya kishikio, ina pete ya kamba. Mtutu inchi 5. Nayo ni Webley?

#15 FundiMtutu
Hiyo ni Smith & Wesson ya Marekani, ile iliyoitwa Victory, ya 1942 hadi 1945. Za mtutu wa inchi 5 zilitumwa kwa Waingereza zikitumia risasi ya .38/200, ambayo ni ile ile .38 S&W kwa umbo la ganda. Kama namba inaanza na SV, ni ya mwisho wa vita, imewekewa kizuizi kipya cha nyundo baada ya kugundulika kuwa za awali zinaweza kufyatuka zikianguka. SV ni salama zaidi, kwa hiyo ina bei zaidi kidogo.

Angalieni mtego mmoja. Baada ya vita wafanyabiashara wengi walichonga vyumba ili viingie .38 Special. Chukua ganda tupu la .38 Special: kwenye chumba kisichoguswa haliingii lote, kwa sababu ni refu kuliko chumba. Likiingia lote, silinda imechongwa. Na kwa kuwa .38 S&W ni nene kidogo, ganda la Special likifyatuliwa humo linavimba tumbo au kupasuka, na risasi yenyewe ni nyembamba kwa mtutu, hailengi. Iliyochongwa ishushwe bei sana.

#16 Mla_Migebuka
Shukrani chifu, nitamwambia akaangalie.

#17 Msimamizi_Isevya
Nimerudi ghalani leo kwa ruhusa. Matokeo: fungo la juu halichezi. Mwanya ni 0.20 silinda ikiwa mbele, 0.28 ikiwa nyuma. Mpangilio ni sawa vyumba vitano, cha sita kinachelewa kidogo. Mifereji inaonekana, vishimo vipo inchi moja ya mwanzo. Rangi imechakaa, herufi ni kali. Mihuri: juu ya mtutu kuna taji na BNP. Kwenye silinda, kila chumba, taji na BNP pia. Upande wa mtutu kuna tarakimu na neno TONS, tarakimu zimefifia.

#18 FundiMtutu
Basi tumepata jibu la nusu. BNP haikuwepo kabla ya 1954. Bastola ya 1917, ikakaa jeshini, Mark VI ikaondolewa rasmi kwenye jeshi la Uingereza 1947, ikauzwa kwa wafanyabiashara, ikapimwa Birmingham baada ya 1954, ndipo ikaja huku. Kazeh, ofisa wako wa 1917 amekufa hapo.

#19 Kazeh_Asilia
Hajafa. Ofisa wa utawala anaweza kuwa alikuja nayo zamani, akaenda nayo likizo Uingereza, ikapimwa huko ili aiuze au airekebishe, akarudi nayo. Muhuri unasema lini ilipimwa, hausemi ilikuwa wapi kabla.

#20 Urambo_Karanga
Mimi nilikuwa nataka kusema ni ya mpango wa karanga, ule wa Waingereza wa mashamba makubwa. Kuanzia 1947 Urambo, hapa hapa mkoani, walijaa Wazungu waliotoka jeshini, na wengi walikuja na bastola zao. Lakini BNP inaniharibia hoja, mpango ule uliachwa 1951.

#21 Kazeh_Asilia
Haikuharibii. Ni hoja yangu ya likizo ile ile. Waliobaki Urambo kama walowezi baada ya 1951 walikuwepo.

#22 MwishoWaReli
Wana Tabora mkianza historia hamna breki. Njia nyepesi ipo: faili la leseni. Leseni ya kwanza kabisa ya marehemu itaonesha alinunua lini na kwa nani. Kama alinunua duka la silaha Dar es Salaam au Nairobi miaka ya 50 mwisho au 60, basi FundiMtutu ameshinda. Kama kwa Mzungu aliyekuwa akiondoka, mjadala unaendelea.

#23 DaktariWaChuma
Mimi nang'ang'ania silinda. Kwa nini namba hazilingani? Naona sababu tatu. Moja: ghala la jeshi lilisafisha bastola nyingi kwa pamoja, silinda zikachanganywa. Mark VI inafunguliwa silinda kwa kugeuza skrubu moja tu ya kushoto, inageuka hata kwa sarafu, kwa hiyo kuchanganya ni rahisi. Mbili: mfanyabiashara alikuwa na fremu nzuri na silinda mbovu, akachukua nyingine kwenye rundo. Tatu: imebadilishwa huku, miaka ya karibuni, kwa silinda iliyotoka kwenye bastola nyingine. Hii ya tatu ndiyo mbaya, kwa sababu silinda na mtutu havijawahi kupimwa pamoja.

#24 FundiMtutu
BNP iko kwenye mtutu na kwenye vyumba vyote. Maana yake vilipimwa pamoja. Ya tatu naifuta.

#25 DaktariWaChuma
Hapana mkuu. Kila Webley iliyopita Birmingham baada ya 1954 ina BNP kwenye silinda. Ukichukua silinda ya moja ukaitia kwenye nyingine, zote mbili zina BNP, na macho hayatakuambia kitu. Na chumba cha sita kinachochelewa kinanipa wasiwasi: nyota ya silinda ngeni haikulinganishwa na ulimi wa fremu hii.

#26 Spana_10
Chumba kimoja kuchelewa ni kuchakaa kwa jino moja la nyota. Silinda ngeni ingechelewa vyumba vingi. Mimi niko na FundiMtutu.

#27 Bi_Mizani
Mbona hamjamuuliza kama silinda imenyolewa nyuma? Hilo ndilo linalopasua bei ya Mark VI duniani.

#28 FundiMtutu
Mama amenipiku. Kweli kabisa. Zilizouzwa Marekani, nyingi sana zilipunguzwa uso wa nyuma wa silinda kwa mashine ili zitumie .45 ACP, risasi inayopatikana kila mahali kule, kwa vibanio vya nusu duara vya risasi tatu tatu. Matatizo ni mawili. Kwanza, huwezi kurudisha chuma kilichonyolewa, kwa hiyo wakusanyaji hushusha bei. Pili, na zito zaidi: .45 ACP ya kiwandani ina shinikizo kubwa kuliko .455, risasi ya asili ya Mark VI, inakaribia kile ambacho Birmingham walikitumia kuijaribu tu. Kufyatua kila siku kwa nguvu ya majaribio ni kutafuta silinda ipasuke.

Kutambua: fungua, tazama uso wa nyuma wa silinda. Ukiwa na rangi ya zamani sawa na ubavuni, haukuguswa. Ukiwa unang'aa, una mistari ya duara ya mashine, au namba na mihuri ya ukingoni imekatwa nusu, umenyolewa.

#29 Msimamizi_Isevya
Picha niliyopiga kwa ruhusa inaonesha uso wa nyuma mweusi uliochakaa sawa na ubavu. Hakuna mistari.

#30 FundiMtutu
Haikunyolewa. Hongereni, hapo ndipo penye thamani yenu, kuliko hata 1917. Mwaka wenyewe si adimu, 1917 zilitengenezwa kwa wingi mno.

#31 Spana_10
Na hapo hapo ndipo penye shida. Isiyonyolewa inataka .455, na .455 huku utaipata wapi? Bastola isiyo na risasi ni kilo moja ya chuma. Mnunuzi anayetaka ulinzi atachukua ya kisasa ya milimita 9. Kwa hiyo mimi nasema 1,800,000 ni bei nzuri, chukueni mapema.

#32 Kazeh_Asilia
Unapima kitu cha kale kwa mzani wa mlinzi wa duka. Mnunuzi huyu mwenyewe hawezi kuwa anataka ulinzi, anajua anachonunua. Ndiyo maana amekuja haraka.

#33 MwishoWaReli
Kazeh hapo amesema. Lakini na yeye na milioni zake 10 ashuke. Bei za mnada za Ulaya hazituhusu, kwa sababu kuitoa silaha nchini ni vibali juu ya vibali, usafirishaji na wakala, na mwisho wa siku gharama zinakula tofauti yote. Soko letu ni watu wachache wenye kibali na hamu. Mimi naweka 2,500,000.

#34 DaktariWaChuma
Tuweke hesabu wazi ili familia ione. Tuseme Mark VI yenye namba zinazolingana, rangi ya asili nzuri, mtutu safi, haikunyolewa, ni 4,000,000 kwa mtu wetu mwenye kibali. Toa kwa silinda isiyolingana: mimi asilimia 25. Toa vishimo vya mtutu: 10. Toa chumba kinachochelewa: 10, maana fundi mwenye kibali atalazimika kurekebisha ulimi. Rangi iliyochakaa ya asili sitoi kitu. Inabaki kama 2,200,000.

#35 FundiMtutu
Silinda asilimia 25 ni kwa sababu ya shaka yako ya #25. Kwangu ni 10, ilipimwa Birmingham na mtutu wake. Nabaki na 2,800,000.

#36 Urambo_Karanga
Na mkipata jina kwenye faili la leseni la mtu aliyejulikana katika historia ya mkoa, pandisheni. Bila jina, msipandishe.

#37 Kibanda_cha_Asali
Naingilia kidogo. Mnasema mambo ya 1916, mnajua Tabora hapa Wajerumani walipiga hadi sarafu za dhahabu? Rupia 15, ina tembo na herufi T. Ile inauzwaje?

#38 Kazeh_Asilia
Hiyo kaka ni habari nyingine kabisa. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, gramu 7 na kidogo, usafi 750. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu. Bandia ni nyingi, kwa hiyo uzito upimwe kwa mizani ya sonara kwanza, na ukingo uangaliwe kama una mshono wa kumimina. Za shaba za heller 20 zenye T ndizo nyingi, zina bei ndogo.

#39 MwishoWaReli
Fungueni uzi wa sarafu, tafadhali. Huyu ndugu ana kikao cha familia.

#40 Mla_Migebuka
Kuna jamaa huku anasema kule mpakani unapata rivolva kwa laki tatu tu. Hii ya milioni mbili inatoka wapi?

#41 Bi_Mizani
Isiyo na karatasi haina bei, ina kesi. Usiilinganishe na ya marehemu wa watu iliyolala polisi kwa utaratibu. Na huyo jamaa yako mwambie asiendelee.

#42 Msimamizi_Isevya
Shukrani sana wakuu. Nitaomba kuliona faili la leseni, na kwenye kikao nitawapa makadirio yenu yote: 1,800,000, 2,200,000, 2,500,000 na 2,800,000. Swali la mwisho: ilikuja na ala yake ya ngozi, mtunza ghala ameihifadhi humo humo. Ni sawa?

#43 DaktariWaChuma
Si sawa. Ngozi ina dawa za kuchunia na inanyonya unyevu, ndiyo inayoleta kutu ubavuni na ukijani kwenye vifungo vya shaba. Mwombe itolewe, ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ifungwe kwa karatasi yenye mafuta, ala ikae kando yake. Lakini msiitupe ala. Kama ina muhuri wa mtengenezaji na mwaka ndani ya mfuniko, piga picha uiweke hapa.

#44 Kazeh_Asilia
Ikiwa mwaka wa ala ni kabla ya 1954 narudi na ofisa wangu.

#45 FundiMtutu
Ala huwa inanunuliwa kando, Kazeh. Haitahesabika.

#46 Kazeh_Asilia
Tungoje picha kwanza.